Nchi Ambayo Haijawahi Kuwa na Mbuzi ya Nazi

Nilifikaje Leoleo si habari ya kukuchosha nayo. Nilitoka kwetu Muheza kwenda kufuatilia cheti changu cha kidato cha nne, nikaambiwa nirudi Jumatatu, nikashika njia ya mkato. Aliyewahi kufuatilia cheti anajua kwamba mtu aliyeambiwa arudi Jumatatu anaweza kutokea popote. Mimi nilitokea Leoleo. Niliyoyaona huko nayaandika kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi, kwa sababu wenyeji wenyewe walishatia ya kutosha.

Mpakani palikuwa na kibanda kimoja na askari mmoja. Alinitazama usoni, akashusha macho, kisha akageukia ukutani haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu ndani.

“Kijana, huna haya?”

“Shikamoo, afande. Nimekosa nini?”

“Marahaba. Unaingia nchi ya watu bila suruali.”

Nikajikagua. Suruali nilikuwa nayo, tena ya kuzidi. Ilikuwa bugaluu ya baba yangu mdogo, rangi ya kahawia, imebana mapajani, na kuanzia magotini ikafunguka hivi kwamba kila mguu ungetosha kumfunika kuku na vifaranga wake. Niliivaa siku ile ili wenzangu kwenye foleni ya vyeti wapate cha kuchekea.

“Afande, hii hapa,” nikasema, nikashika pindo nikampungia.

“Sioni kitu. Naona miguu. Vazi la namna hiyo halijawahi kuwepo nchini humu.”

“Sasa umejuaje ni la namna gani kama hulioni?”

Akafikiri kidogo, bado anautazama ukuta. “Una maneno mengi sana,” akasema, “kwa mtu ambaye hana suruali.”

Akaandika kwenye kitabu chake: *Mgeni mmoja, mwanamume, nusu uchi.* Kisha akanikabidhi kwa Mkaguzi wa Sebule, Bwana Shekue, aje anipeleke mjini.

Bwana Shekue alikuwa mtu mrefu wa suti, mwenye kutembea kama aliyepigwa pasi akiwa ndani ya nguo zake. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu bila kubisha hodi na kuhakikisha hakuna kitu cha zamani. Njiani alinieleza sheria kuu ya Leoleo, ambayo ni fupi hata mimi niliikariri mara moja: kitu kikipita, hakikuwahi kuwepo.

“Na nani anaamua kwamba kimepita?” nikauliza.

“Hakuna.”

“Basi mnajuaje?”

“Inatangazwa. Kila Ijumaa saa nne asubuhi.”

Ijumaa ilikuwa siku ileile, kwa hiyo nikaliona gari la matangazo kwa macho yangu. Lilipita polepole na spika mbili juu, zimewashwa, na halikusema neno. Watu wakatoka barazani. Wakausikiliza ule ukimya kwa makini, wengine wametega sikio. Kisha wakatazamana. Kila mmoja akamkagua jirani yake kuona amebadilika uso kwa sababu ya kitu gani, na kila aliyetazamwa akahisi amekamatwa. Wakaingia ndani wote kwa pamoja. Punde nikasikia milango ya uani inafunguliwa mtaa mzima, na vitu vinatolewa kimyakimya.

“Leo kimepita nini?” nikamnong’oneza Mkaguzi.

“Hakijapita kitu,” akasema. “Hakikuwepo.”

Sasa nieleze nyumba za Leoleo, maana hazina mfano. Kwenye kila ukuta kuna miraba myeupe, mahali palipotundikwa vitu ambavyo havijawahi kutundikwa. Kwenye kila sebule sakafu ina mashimo manne madogo, ya miguu ya kabati la redio ambayo haikuwahi kuwepo, na watu wote, mpaka watoto, wanapofika hapo wanazunguka. Niliona bwana mmoja akikaa kwenye kochi. Kabla hajakaa alinyoosha kwa kiganja kitambaa cha kufuma kisichokuwepo. Nilimwona mkewe akienda kuwasha televisheni, ile nyembamba ya ukutani: kwanza akainua kwa vidole viwili pazia la kuifunika ambalo halipo, akalikunja mara nne, akaliweka pembeni, ndipo akawasha. Picha ilipocheza akaipiga kofi ubavuni. Bwana Shekue mwenyewe alipopokea simu ya mkononi alisimama wima pale pale kama aliyefungwa kwa waya, akapiga kelele asikike mbali, na kidole chake cha shahada kikawa kinazungushazungusha hewani uzi wa simu usiokuwepo.

Nikamwonyesha kile kidole. Akakitia mfukoni.

Nilipangiwa kulala kwa Bi Sikudhani, mama wa makamo aliyekuwa akipika chakula cha mchana na kuwauzia watu wa mtaani. Nje ya mlango wake palikuwa na benchi, na kwenye benchi amekaa mzee wa kofia, mikono yake imejaa makovu madogo ya moto. Nikamwamkia.

“Shikamoo, mzee.”

Yule mzee aliruka kama aliyemwagiwa maji. Akanitazama, akatazama nyuma yake kama kuna mzee mwingine, kisha akasema “Marahaba, marahaba, marahaba,” mara tatu, kana kwamba alikuwa na deni la kuitikia.

Bwana Shekue akatoa daftari. “Mgeni anasalimia hewa,” akaandika, akaenda zake.

Ndani, Bi Sikudhani alinipa kiti na hakuniuliza habari ya suruali. Nikamwuliza mimi habari ya mzee.

“Mzee gani?” akasema kwa sauti kubwa, huku akiuangalia mlango. Kisha akashusha sauti. “Huyo ni Fundi Kibwana. Sijawahi kuolewa naye.”

“Aa.”

“Miaka thelathini na moja sijawahi kuolewa naye. Tena anakoroma.”

Akanieleza. Fundi Kibwana alikuwa fundi wa karabai, zile taa za mafuta za kupampu zilizokuwa zikitundikwa kwenye harusi na misiba ukumbi mzima ukawaka. Karabai zilipopita yeye aliendelea. Kosa lake halikuwa kuwa nazo, maana hazipo. Kosa linaitwa kukumbuka hadharani. Sheria inataka mtu asimame mahakamani, akitaje kitu kwa jina na aseme kazi yake; bila hivyo hakuna kesi. Lakini mwenyeji yeyote anayekitaja kitu, yeye mwenyewe amekumbuka, anaingia kizimbani. Kwa hiyo kesi hizi huwa hazina shahidi, na watu wengi wamepona.

“Mwenzangu aliponzwa na sifa,” alisema Bi Sikudhani. “Walimwekea taa mezani wakamwuliza, hiki ni nini? Si angenyamaza? Akajibu, ‘Hiki ni karabai, mheshimiwa, tena hii pampu yake imekaa vibaya, nipeni bisibisi.’ Akaitengeneza mbele ya hakimu! Ikawaka! Akawaeleza mpaka nati. Ndipo akahukumiwa.”

“Akafungwa?”

“Akatangazwa hajawahi kuwepo. Hakuna anayemwona, hakuna anayemwitikia, hauziwi hata kiberiti. Na mimi nikiri kwamba namwona, nimekumbuka.”

Saa saba mchana alipakua sahani ya wali, maharage na samaki, akaiweka nje mlangoni.

“Ya paka,” akaniambia.

Baada ya robo saa sahani ilirudi chini ya mlango, imeoshwa, kijiko juu yake. Kutoka nje yule paka akakohoa na kusema, hakumwambia mtu, “Leo chumvi imekolea kidogo.”

“Huyu paka,” alisema Bi Sikudhani, “mdomo wake haujabadilika.”

Siku ya pili Bwana Shekue alinipeleka Barazani nikaone namna nchi inavyoongozwa. Walinifunga shuka kiunoni kwa heshima ya kikao. Hoja ya siku ilikuwa chupa ya chai, ile yenye maua mekundu ubavuni. Mjumbe wa kwanza alisema maua hayo ni fedheha kwa taifa. Jirani zetu, alisema, wanakunywa chai inayotoka kwenye kitufe. Mjumbe wa pili aliomba kujua chai itakaa wapi ikishapikwa. Akazomewa. Wa tatu alisema yeye binafsi hajui chupa inayozungumzwa, lakini anajua kwamba ile ya nyumbani kwake kizibo chake kilikuwa kinapiga mluzi, akakaa chini akifuta jasho baada ya kugundua alichosema. Wakapiga kura kwa kuangalia pembeni, kila mmoja akimfuata aliye kushoto kwake, na kwa kuwa wamekaa duara, kura ilizunguka mara tatu kabla haijatua. Chupa ikapita.

Saa hiyohiyo mlango ukafunguliwa, chai ya wajumbe ikaingia, kwenye chupa nne zenye maua mekundu ubavuni.

Hakuna aliyeziona. Zilikaa katikati ya meza zinatoa moshi kidogo mdomoni. Wajumbe walizungumzia barabara kwa saa mbili, midomo imekauka, na harufu ya tangawizi imejaa ukumbini. Mimi mgeni nilijimiminia vikombe vitatu, na kila nilipomimina ukumbi mzima ulimeza mate.

Narudi kwa Bi Sikudhani, kwa sababu ndiko mambo yalikoharibikia.

Chakula chake mtaa mzima ulikisifia. Waleoleo walikula wakafumba macho, wakaambiana, “Unga wa nazi wa pakiti siku hizi umekuwa mtamu, jamani.” Hakukuwa na pakiti. Kila asubuhi mashine ya kusaga ya jirani ilipoanza kunguruma, Bi Sikudhani alifunga mlango wa jiko, akaivuta mbuzi ya kukunia nazi kutoka chini ya gunia la mkaa, akaikalia, akakuna nazi tano. Mashine iliponyamaza na yeye alinyamaza. Miaka saba amekwenda hivyo.

Siku ya nne mkanda wa mashine ulikatika ghafla. Yeye alikuwa katikati ya nazi ya tatu, amezama kwenye mawazo yake, hakugundua.

Kru, kru, kru, kru.

Niliisikia nikiwa barazani. Mtaa mzima uliisikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia aliacha kufagia, kichwa kikaanza kufuata mdundo. Kisha kila mtu akafunga dirisha lake, na Bwana Shekue, aliyekuwa akipita, akasimama. Alisimama muda mrefu. Ningesema alikuwa anasikiliza wimbo, kama nisingejua kazi yake.

Alimkamata Bi Sikudhani kwa adabu. Tatizo lilikuwa kukamata mbuzi, kwa sababu hawezi kuiona. Alifumba macho, akaitupia kanga juu, akaibeba namna hiyo, akatoka nayo macho yamefumbwa na kugonga mwimo wa mlango.

Jioni akanijia.

“Wewe ni mgeni,” akasema. “Kwenu kukumbuka si kosa. Kesho utasimama, utataja jina la kitu na kazi yake. Maneno mawili. Baada ya hapo nakupa suruali, suruali inayoonekana, na kibali cha kutoka.”

“Nisipotaja?”

“Utakaa Leoleo bila suruali mpaka utakapopata suruali.”

Nikaenda kumweleza Bi Sikudhani, ambaye aliachiwa alale kwake. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

“Taja tu, mwanangu. Mama yako anakusubiri. Nikitangazwa sijawahi nitatoka nje, nitakaa na huyo paka benchi moja. Miaka minne nimemkumbuka kupitia mlango.”

“Na chakula cha paka wawili atakiweka nani?”

Mkono ukasimama kwenye mchele.

“Hapo,” akasema, “ndipo sijafika.”

Kesho yake mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa mama mmoja wa miwani myembamba, Mheshimiwa Mwanjaa, mwenye sifa ya kutowahi kusahau kusahau. Viti vyote vilikuwa na watu isipokuwa kimoja cha mbele kabisa, na hicho alikikalia Fundi Kibwana, kwa sababu mtu asiyeonekana hakuna wa kumzuia mlangoni. Watu walimpisha miguu huku wakijifanya wanajinyoosha.

Bwana Shekue aliweka mezani kitu kilichofunikwa kanga, na nusu mbili za nazi. Akaivuta kanga. Mahakama nzima ikatazama dari.

“Shahidi,” alisema Hakimu, akizungumza na feni. “Kitaje kilicho mezani, na useme kazi yake.”

Nilikuwa nimekesha na jambo hili na sikupata la maana. Lakini pale, nilipoona vidole vya Hakimu vikipapasa ukingo wa meza kana kwamba vinatafuta sinia la kukingia nazi, nikakumbuka kidole cha Bwana Shekue kinavyozungusha uzi wa simu.

“Mheshimiwa,” nikasema, “kwa kweli sina hakika. Sisi vijana wa siku hizi tunajua unga wa pakiti. Labda nikikijaribu.”

Nikaiteremsha ile mbuzi sakafuni, nikaikalia kinyume: uso kule, na ule ulimi wa chuma wenye meno nikauweka nyuma yangu, chini kidogo ya mahali ambapo mtu hapendi kukatwa. Nikaanza kujisogeza nyuma.

“Weee!” ukumbi ukapiga yowe.

“Utajikata, mtoto wewe!” akasema mama mmoja dirishani.

“Geuka!” alisema Hakimu. “Chuma kiwe mbele!”

Nikageuka taratibu, nimejaa shukrani. Nikachukua nusu ya nazi, nikaibandika kwenye meno kwa upande wa nje, kifuu kwenye chuma, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Sauti iliyotoka siwezi kuiandika. Watu waliziba masikio. Karani wa mahakama alijikunja kama anayeng’olewa jino.

“Upande wa ndani, mwanangu,” Hakimu akalia, “upande wa ndani!”

“Ndani wapi, Mheshimiwa? Hapa?”

Nikaitia kwa ndani, nikakandamiza kama mtu anayepasua mbao. Vipande vikubwa vikaruka, kimoja kikatua kwenye miwani ya karani.

Hapo Bwana Shekue akashindwa. Alikuja kwa hatua ndefu, akanishika bega, akanitoa. “Toka hapo. Toka, toka. Unaharibu nazi.” Akakunja koti, akakaa upande, magoti pamoja, kama anavyokaa mtu aliyefundishwa na mwanamke mkali. Akashika nusu ya nazi kwa mikono miwili. Kru, kru, kru. Nazi ikaanza kudondoka nyeupe, laini, na karani, nisijue alilitoa wapi, akawa ameshasukuma sinia chini yake.

“Hukandamizi,” Bwana Shekue akanifundisha, macho yamelegea. “Unazungusha. Unaanzia ukingoni, unazunguka, unaingia ndani. Ukikiona kifuu unaacha, la sivyo tui litakuwa na weusi. Mama alikuwa ananipiga kikofi hapa mkononi nikifika kwenye...”

Akaishia hapo. Mikono iliendelea mara mbili zaidi, kisha nayo ikaishia.

Hakuna aliyekuwa akitazama dari tena.

“Karani,” alisema Hakimu. “Umeandika?”

“Nimeandika, Mheshimiwa. Wote waliokumbuka, kwa majina.”

“Na langu lipo?”

“La kwanza, Mheshimiwa. Kwa ajili ya ‘chuma kiwe mbele’.”

“Na la kwako?”

Karani akalitazama sinia alilolishika. “Langu,” akasema, “linanipa shida kidogo kuliandika.”

Hesabu ya jambo hili ilikuwa rahisi. Kama sheria ingefuatwa, kabla ya mchana Leoleo yote ingetangazwa haijawahi, pamoja na mahakama, na angebaki mgeni mmoja asiye na suruali kuongoza nchi. Nilianza kufikiria baraza la mawaziri.

Mheshimiwa Mwanjaa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. “Mahakama inaamua,” akasema, “kwamba kesi hii haijawahi kuwepo.”

Watu walishusha pumzi ukumbi mzima. Uamuzi wa kisheria kabisa, wa Kileoleo kabisa. Wakaanza kuinuka na kutafuta viatu, kila mmoja tayari ameshasahau, na Bwana Shekue akawa anajikung’uta suti chembe za nazi zisizokuwepo.

“Mheshimiwa,” akasema Bi Sikudhani kutoka kizimbani. “Ya mume wangu je?”

Waliosimama wakabaki wameinama.

“Mume gani?” akauliza Hakimu.

“Yake ilikuwa kosa hilihili, na meza ni hiyohiyo. Kama yangu haijawahi kuwepo, na yake iondolewe.”

“Mama, mimi sioni mtu.”

“Hata mbuzi hukuiona, Mheshimiwa. Lakini ulijua chuma kinakaa upande gani.”

Fundi Kibwana alikuwa amekaa pale pale mbele, kofia mapajani. Hakimu akainamisha macho mpaka kwenye meza, akayasogeza kidogo kidogo kama mtu anayepima kina cha mto kwa mguu, akafika kwenye viatu vya mzee, akapanda magotini, akapanda kwenye ile mikono yenye makovu, na hapo akakaa sana.

“Fundi,” akasema mwishoni, sauti yake ndogo kabisa. “Ile karabai yangu niliyokuletea. Iko tayari?”

“Iko tayari tangu mwaka ule, Mheshimiwa,” akasema Fundi Kibwana. “Hukuja kuichukua.”

Sikuelewa mara moja kwa nini watu walikaa tena chini. Kisha mwanamume mmoja wa nyuma akanyoosha mkono kama mwanafunzi. “Shikamoo, fundi,” akasema. “Na ile ya marehemu baba?” Na mwingine. Na mama wa dirishani akasema yake ilikuwa na kioo kilichopasuka upande mmoja. Wote walikuwa na taa kwa mtu ambaye hawakuwahi kumjua. Mzee aliwaitikia kila mmoja, marahaba, marahaba, na aliikumbuka kila taa na ugonjwa wake.

Sheria haikufutwa. Ijumaa iliyofuata gari lilipita tena na ukimya wake, na nasikia kuna nyumba zilitoa vitu. Lakini mchana wa siku ile ya mahakama Bi Sikudhani alipakua sahani mbili akaziweka juu ya mkeka, ndani, mlango ukiwa wazi.

“Paka amehama,” akaniambia.

“Chumvi leo iko sawa,” alisema Fundi Kibwana, mdomo umejaa.

“Kula unyamaze.”

Kibali cha kutoka nilipewa na Bwana Shekue mwenyewe. Suruali hakunipa, alisema hakuona kwamba naihitaji, na sikujua kama hiyo ilikuwa adhabu au maendeleo. Kwenye kibanda cha mpakani yule askari alinitazama kwa chati.

“Pindo la kushoto limefumuka,” akasema.

“Kwa hiyo unaiona?”

“Sioni kitu. Nasema limefumuka.” Akagonga muhuri, kisha akauacha mkono wake juu ya karatasi. “Hebu niambie. Habari ya nazi imenifikia. Kwenu hizo mbuzi zipo?”

“Zipo, afande,” nikamjibu, kifua mbele. “Sisi si kama ninyi. Kwetu hakuna aliyekatazwa kitu.”

“Ya nyumbani kwenu inakaa wapi?”

Nikafungua mdomo. Ilikuwa inakaa nyuma ya mlango wa jiko. Lakini nyuma ya mlango wa jiko kuna jaba la maji, na nakumbuka siku jaba lilipoletwa, na siku ile pale palikuwa patupu. Nikaifuata nyumba nzima kichwani, stoo, uani, uvunguni mwa kitanda. Nikajaribu kukumbuka siku mbuzi yetu ilipotoka, na nani aliitoa. Hakuna gari lililopita kwetu, hata lile la kimya.

“Nitamwuliza mama,” nikasema.

Askari akanisukumia kibali. “Mwulize,” akasema. “Ila jibu lake usilisikilize sana. Tazama mikono yake.”